Darasa la nusu siku: jina kubwa au zoezi zuri?

Anayetaka kufundisha darasa la nusu siku kwenye kongamano la programu za kiobjekti (mtindo wa kuandika programu za kompyuta kwa vipande, kila kimoja kikiwa na data yake na kazi zake) ana saa tatu hivi, ukiondoa muda wa chai. Kabla ya kuzipata lazima aishawishi kamati kwa kurasa chache: atafundisha nini, atamfundisha nani, na kwa nini awe yeye. Swali ambalo mapendekezo mengi hulipita juu juu ni hili: hao waliokaa watakuwa wakifanya nini?

Tuchukue OOPSLA, kongamano lililoanza Portland, Oregon, mwaka 1986, na ambalo siku hizi limo ndani ya kongamano pana zaidi liitwalo SPLASH. Madarasa yake yalilipiwa kando na kiingilio, kwa hiyo wanaotetea majina makubwa na mada zilizozoeleka wana hoja. Aliyelipiwa na mwajiri anataka akirudi kazini Jumatatu awe na kitu mkononi. Darasa likipata watu sita, gharama ya chumba iko palepale. Tena mawazo mabichi yana mlango wao: huko Austin mwaka 1995, Ken Schwaber aliwasilisha Scrum, njia ya kuendesha miradi ya programu, kwenye warsha, si kwenye darasa la kulipia.

Tatizo ni kwamba mada iliyozoeleka huja na slaidi zilizozoeleka. Mfano ni ule ule wa klasi, yaani aina ya vitu ndani ya programu, inayochukua sifa za nyingine: Mbwa anarithi Mnyama, Paka naye anarithi Mnyama, na kufikia saa tano nusu ya chumba inasoma barua pepe.

Sasa tazama walichopeleka waandishi wa programu Kent Beck na Ward Cunningham kwenye OOPSLA ya New Orleans mwaka 1989: kadi za karatasi, inchi 4 kwa 6. Juu unaandika jina la klasi, kushoto majukumu yake, kulia washirika wake, yaani klasi nyingine inazozitegemea. Basi. Waweke watu wanne mezani na mfumo wa maktaba, kila mmoja ashike kadi yake. Uliza, "Nani anajua kitabu kimechelewa?" Mwenye kadi ya Kitabu anamwangalia mwenye Mwanachama, huyu anamwangalia mwenye Azimo, na ubishi unaanza. Kadi ya mmoja ikijaa hadi pembezoni, hahitaji kuambiwa kwamba klasi yake imebebeshwa mizigo ya wenzake; anaiona.

Hata hivyo zoezi lina gharama zake, na wanaolisifu huzisahau. Meza kumi na tano zinamshinda mwalimu mmoja kuzungukia. Vyumba vingi vya hoteli hupangwa viti kwa safu, bila meza. Wazoefu wengine huona kadi ni michezo ya watoto (na wengine ndio hao hao ambao klasi zao zina mistari elfu tatu ya programu). Na zipo mada, kama jinsi mfumo unavyosafisha kumbukumbu ya kompyuta, ambazo mhadhara mzuri unazitosha.

Mimi naegemea upande wa zoezi, ila kwa sharti kwamba liandikwe kwenye pendekezo lenyewe: dakika ngapi, watu wangapi, meza ngapi, na msaidizi ni nani. Jina kubwa lisiloweza kujaza nafasi hizo lingoje mwakani. Pendekezo likisema tu "washiriki watahusishwa kikamilifu", ningelirudisha kwa mwenyewe na swali moja: tununue kadi ngapi?