Sista si Mpishi wa Padre

Jumapili iliyopita parokiani kwetu tulikuwa na jubilei mbili kwa mpigo. Padre mmoja alitimiza miaka 25 ya upadre, na sista mmoja, mzaliwa wa kigango chetu, akatimiza miaka 25 ya nadhiri. Misa ndefu, kwaya tatu, maturubai, pilau, kila kitu kama kawaida yetu. Kisha ikafika zamu ya zawadi.

Akaitwa padre kwanza. MC akaomba vigelegele, akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wakatandika vitenge chini apite juu yake, mwenyekiti wa parokia akachomoza na funguo iliyofungwa utepe mwekundu. Gari. Watu wakapagawa. Vumbi lilipotulia akaitwa sista. Ndoo mbili za plastiki, ndani miche ya sabuni, sukari na mafuta ya kupikia, juu yake doti ya kitenge ambayo karatasi ya bei ilikuwa haijabanduliwa. MC naye, hakujua kunyamaza, akasema kwenye kipaza sauti: "Sista, mafuta hayo usisahau kumpikia padre wetu chapati!" Turubai zima likaangua kicheko. Sista akatabasamu, maana angefanya nini?

Huyo sista ni mkunga. Sehemu kubwa ya utumishi wake ameimaliza kaskazini mwa Msumbiji, kwenye kituo cha afya cha misheni, mahali ambapo mama mwenye uchungu analetwa kwa baiskeli usiku na mkunga anashikiwa tochi na mama mkwe wa mgonjwa. Hilo hakulitaja mtu. Risala ilimwita "ua la Kanisa". Ua! Hebu mwambie huyo ua akuoneshe viganja vyake.

Kabla hamjanirukia: padre wetu ni mtu mwema na gari analihitaji. Ana vigango vingi, barabara zetu mnazijua, na pikipiki ilishamvunja mguu. Hilo nalikubali, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu nilichanga na sikuulizwa kama nataka kuchangia gari peke yake.

Kinachoniuma ni namna tunavyowasifu masista ili tusilazimike kuiona kazi yao. Tunawaita wanyenyekevu, wapole, mama wa huruma, malaika wa wagonjwa. Sifa tamu zote hizo hazimgharimu msifiaji hata senti. Ukishamwita mtu malaika, huna haja ya kumuuliza mshahara wake unalipwaje, amesomea nini, nani atamtibu akizeeka. Malaika hahitaji bima ya afya.

Hebu tuangalie masista waliovuka bahari kuhudumia familia maskini walikuwa watu wa aina gani. Watu wengi parokiani hawajui kwamba kwa miaka mingi ni Kanisa lenyewe lililomzuia sista asizalishe. Ndiyo, Kanisa hili hili. Sista aliruhusiwa kumfunga mtu kidonda, kumwogesha, kumlisha uji, kumwombea. Mama akishikwa na uchungu, sista anatakiwa akae kando, eti kwa heshima ya usafi wa moyo wake. Huko misheni, kwenye nchi ambazo mkunga aliyesomea hakuwapo hata wa dawa, maana yake ni mama kufa huku mwanamke mwenye akili na mikono mizuri amesimama nje ya mlango akisali rozari.

Masista na wanawake walei, yaani waumini wasio watawa, walipambana na jambo hilo. Daktari mmoja Mskoti, Agnes McLaren, mwanamke mlei, alisafiri Roma mara kadhaa kuomba masista waruhusiwe kuwa madaktari, na alifariki mwaka 1913 bila kupewa jibu alilolitaka. Anna Dengel, msichana wa Tirol huko Austria, akalipokea jambo hilo. Akasomea udaktari Cork, Ireland, kisha akaenda Rawalpindi, ambayo leo ni Pakistan, kwenye hospitali ya wanawake. Huko wanawake wa Kiislamu hawakukubali kuguswa na daktari mwanamume, wakafa majumbani kwa matatizo ambayo daktari wa kike angeyamaliza kwa saa moja. Dengel hakurudi kuandika shairi la majonzi. Mwaka 1925 akaanzisha shirika lake Washington, shirika la wanawake madaktari na wauguzi, ingawa mwanzoni hawakuweza hata kuweka nadhiri rasmi kwa sababu ya katazo lile lile.

Na Afrika Mashariki? Mama Kevin Kearney, Mwairishi, alifika Nsambya, Uganda, mwezi Januari 1903 pamoja na wenzake watano. Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Ilipofika mwaka 1921 Nsambya ikapata shule ya wakunga, na ikabidi iongozwe na daktari mlei, Evelyn Connolly, kwa kuwa masista wenyewe walikuwa wamefungwa mikono. Fikiria akina mama wa Buganda wanafundishwa ukunga ndani ya misheni ya masista, na masista hao hao hawaruhusiwi kuzalisha! Mama Kevin aliendelea kugonga mlango wa Roma. Tarehe 11 Februari 1936 mlango ukafunguka, amri ikatoka, masista wakaruhusiwa udaktari na ukunga. Kabla ya hapo, mwaka 1923, alikuwa ameshaanzisha shirika la masista wa Kiafrika, hawa Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko tunaowaona hadi leo. Kwa hiyo mkinihubiria unyenyekevu wa masista, mkumbuke pia ukaidi wao. Bila ukaidi huo, mkunga wetu wa Msumbiji angekuwa anapiga pasi kanzu za altareni.

Nikija kwa Irene Stefani, hapo damu yangu inachemka zaidi, kwa sababu huyu ni wetu kabisa na tunamkumbuka nusu nusu. Mwitaliano wa Anfo, aliyezaliwa 1891, sista wa shirika la kimisionari la Consolata, alifika Kenya mwanzoni mwa 1915. Vita ya kwanza ya dunia ikampeleka kwenye hospitali za wapagazi: Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi, Dar es Salaam. Wapagazi ni wale wanaume Waingereza waliowakusanya kwa mamia ya maelfu wabebe risasi na magunia ya chakula kumfuata Mjerumani porini. Walikufa zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo mnayoijua kwa viatu na simu, jina lililotokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi hao, ndiyo kumbukumbu yao pekee ambayo kila mtu huitamka, na wangapi wanajua wanachotamka? Mle ndani ya mabanda, yenye harufu ambayo maofisa waliikimbia, binti wa miaka ishirini na kitu alikuwa akisafisha vidonda vilivyooza na kuwalisha watu ambao jeshi lilikuwa limeshawafuta kwenye hesabu zake.

Kuna jambo hapa ambalo ndugu zangu wachambuzi hulitupa mezani kila mara, nami silikwepi. Sista Irene alibatiza wapagazi wengi waliokuwa wanakufa. Je, mtu anayehema mara ya mwisho, mbali na kwao, kwenye kambi ya mkoloni, alichagua kweli? Sijui mtu anayeweza kulijibu swali hilo kwa furaha. Misheni zilikuja na dawa mkono mmoja na katekisimu mkono wa pili, na bendera ya mkoloni haikuwa mbali. Nakubali. Lakini nimechoka na mtu anayeanzia hapo na kuishia hapo, kana kwamba yule mpagazi wa Lindi alikuwa na foleni ya wanaomwogesha, akachagua vibaya.

Baada ya vita akapelekwa Gikondi, Nyeri. Alifundisha shule, alizunguka milima ile kwa miguu, na alifanya kazi moja ambayo siisikii kwenye mahubiri hata siku moja: aliandika barua. Wazee wasiojua kusoma, ambao vijana wao walikuwa wameondoka kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, walimjia awaandikie, na majibu yakirudi anawasomea. Hebu pata picha. Mama amekaa kwenye kigoda, anasema mwambie ng'ombe amezaa, mwambie baba yake anakohoa, mwambie atume hela ya kodi, na sista anaandika. Hiyo ndiyo huduma kwa familia maskini. Haina mwujiza wala haipigwi picha, ila kijana wa Mombasa anajua baba yake bado yu hai. Wagikuyu wakamwita Nyaatha, mama wa huruma, na nadhani barua hizo zilichangia si haba.

Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata akimuuguza mwalimu wa shule. Akatangazwa mwenyeheri Nyeri tarehe 23 Mei 2015, na aliyeongoza ibada kwa niaba ya Papa alikuwa Kardinali Pengo wetu wa Dar es Salaam. Umati ulikuwa mkubwa, marais na wabunge hawakosi panapo umati. Ninachouliza ni hiki: sista mmoja kati ya waliokuwepo siku ile, anayetembea milima hiyo hiyo leo, amewahi kuchangiwa hata buti za mvua?

Leonella Sgorbati ni mfano wa karibu zaidi. Huyu wengi mnamkumbuka, sista wa Consolata aliyepigwa risasi Mogadishu tarehe 17 Septemba 2006. Kila anapotajwa tunasikia neno lake la mwisho, kwamba aliwasamehe waliomuua. Ni kweli, na ni kubwa. Lakini mnajua alikuwa akifanya nini Mogadishu? Alikuwa mwalimu wa wauguzi. Alisomea uuguzi Uingereza, akaja Kenya mwaka 1970, akafanya kazi hospitali za Mathari kule Nyeri na Nazareth kule Kiambu, akaongoza shule ya wauguzi ya Nkubu, Meru. Nusu ya wauguzi wa Meru wa rika fulani walikaripiwa na yeye, na wanajivunia. Akiwa amepita miaka sitini, umri ambao sisi tunatafuta kiti cha kivulini, akaenda Somalia, nchi iliyokuwa haina serikali imara tangu 1991, akaanzisha shule ya uuguzi kwenye hospitali ya SOS, shirika la kulea watoto. Mwaka 2006 wakahitimu wauguzi 34. Kwa kuwa hapakuwa na wizara ya kuwapa vyeti, Shirika la Afya Duniani likavithibitisha.

Wauguzi 34, katika mji ule, wakati ule! Mwezi huo wa Septemba alikuwa ametoka kuhangaika Kenya kuwatafutia baadhi yao nafasi za masomo zaidi ili waje kuwa walimu, yaani alikuwa anatengeneza watu wa kumrithi. Alirudi, akafundisha, akavuka barabara kutoka shuleni kwenda nyumbani kwa masista. Basi. Mohamed Mahmud, Msomali, Mwislamu, baba wa watoto wanne, aliyekuwa mlinzi wake, akauawa pamoja naye akijaribu kumkinga. Kwenye ibada zetu jina la Mohamed hulisikii sana. Lingestahili kusomwa kwa sauti.

Tukisimulia msamaha tu na kuiacha shule, tunamfanya mtu aliyekuja kufundisha aonekane kama alikuja kufa.

Msidhani haya ni maneno yangu ya hasira za pilau. Machi 2018 jarida la wanawake linalotoka pamoja na gazeti la Vatikani lenyewe, L'Osservatore Romano, liliandika kuhusu masista wanaopika, wanaofua na kusafisha kwenye nyumba za maaskofu na makardinali, wengine bila mkataba wala malipo ya kueleweka. Baadhi yao wana shahada. Na baadhi ya wanaosafiri leo kutoka kwetu kwenda Ulaya wanakwenda kama wamisionari. Zamani Ireland na Italia zilituletea, sasa sisi ndio tunapeleka, kwa wazee wao, kwa hospitali zao, kwa makazi ya maskini wao. Binti wa Songea au wa Kitui akifika huko anapaswa kupokelewa kama Leonella alivyopokelewa Nkubu, yaani mtaalamu mwenye wito. Akipewa ufagio wa jikoni kwa monsinyori, hiyo si misheni hata kidogo.

Wapo watakaosema, "Lakini wana nadhiri ya ufukara." Wanayo. Waliahidi ufukara kwa Mungu, hawakutuahidi sisi punguzo la bei. Hata hivyo sista akipata kitu kinakwenda kwa shirika, na shirika ndilo linalosomesha novisi, ndilo linalotunza masista wazee wasioweza kushuka kitandani. Ukimnyima yeye umewanyima wote hao.

Nimemwandikia mwenyekiti wa parokia ujumbe mrefu, amenijibu kwa kidole gumba. Kamati ya fedha inakutana mwisho wa mwezi. Nitapeleka mambo mawili. Masista wanaofanya kazi zahanati ya parokia wawe na mikataba iliyoandikwa na mchango wa pensheni unaolipwa kweli. Na jubilei ijayo ya sista, kamati iliulize shirika lake lina uhitaji gani, kabla mtu hajakimbilia duka la vyombo. Paroko akisema hakuna bajeti, risiti ya maturubai ninayo.