Ndoo ya Udhu na Dhambi Isiyosameheka

Njia ya kutoka shuleni kwenda kwetu, Newala, ilikatiza shamba la mikorosho. Miti ilipandwa kwa mistari, na mwaka niliokuwa kidato cha pili nilikuwa nasimama mbele ya kila mkorosho na kusema, "Bwana, nisamehe." Neno likitoka vibaya, au likiingia wazo jingine katikati, narudi mti wa kwanza. Msimu wa mabibo ndio ulikuwa mgumu. Chini kunateleza, nyuki wamejaa, na mtu anayefukuza nyuki hawezi kutubu vizuri. Kuna siku nilifika nyumbani chemli imeshawashwa. Mama akaniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa nacheza mpira.

Nikawa nimeongeza na uongo, wa kutubiwa kesho yake.

Chanzo cha yote kilikuwa kicheko. Mimi nimelelewa katika Uanglikana wa Dayosisi ya Masasi, ule wa ubani na kengele tulioachiwa na wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, waliofika Masasi mwaka 1876. Kelele kubwa kuliko zote kanisani kwetu ilikuwa kengele. Sasa usiku mmoja wenzangu wakanivuta kwenye maombi ya wanafunzi, akaja mhubiri mgeni, na binti mmoja akaanza kunena kwa lugha. Sikuwahi kusikia kitu kama kile. Rafiki yangu akanifinya, nikacheka. Mhubiri akanyamazisha watu wote, akasema: "Kuna mtu hapa amemcheka Roho Mtakatifu. Huyo hasamehewi, si katika ulimwengu huu wala ule ujao." Hakunitaja. Hakuwa na haja.

Kicheko kile kilichukua sekunde mbili. Kilichofuata kilichukua karibu miaka miwili. Nilianza kusikia kichwani matusi ambayo sijawahi kuyatamka kwa mtu, yanamwendea Roho Mtakatifu. Nikiwa kitandani, nikiwa naosha vyombo, na hasa nikiwa nimepiga magoti mbele ya altare nimekinga mikono kupokea mkate. Nikiyasukuma yanarudi na ndugu zake. Mwambie mtu asimeze mate, uone kama atamaliza dakika. Siku za Jumapili jioni tulizoea kwenda kutazama Shimo la Mungu, lile bonde ambalo nchi inakatika ghafla kuelekea Ruvuma. Watoto wenzangu walikuwa wanarusha mawe. Mimi nilikuwa natazama chini nikijiambia, pale ndipo nitakapotupwa, na jina langu limeshaandikwa.

Aliyenitoa humo hakuwa padri. Alikuwa bibi wa jirani, Mwislamu, mjane, aliyekuwa ananiona kila siku nikisimama simama kwenye mikorosho ya watu.

"Mjukuu wangu, unahesabu nini mle?"

Sijui kwa nini nilimwambia yeye. Labda kwa sababu hakuwa wa kanisani. Akanisikiliza huku anabangua korosho, vidole vimeungua na kuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda, hakuinua hata uso. Nilipomaliza akasema, "Una wasiwasi wewe. Babu yenu alikuwa nao."

Marehemu mumewe, akasema, alikuwa akitia udhu anaosha mkono, anaona shaka, anaosha tena. Akifika miguuni anaona shaka ya uso, anaanza upya. Ndoo inakwisha bado yuko kwenye viganja. Na Newala ya wakati huo ndoo ya maji ilikuwa mali. Ama ilipandishwa kichwani kutoka bondeni, ama ulitoa hela. Bibi akamwendea shehe. Shehe akasema ndoo ifichwe, mzee apewe kopo moja. Kopo likiisha, udhu umekwisha, aone shaka asione shaka, akaswali hivyo hivyo. "Alilia siku ya kwanza," bibi akaniambia. "Akasema nimemwingiza motoni. Nikamwambia twende wote." Kisha akaninyooshea kisu cha kubangulia: "Na wewe jipe kopo moja. Tubu mara moja, ukale."

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipojua shehe yule hakubuni. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wana kanuni ya zamani kwamba yakini haiondolewi na shaka. Katika hadithi za Mtume zilizokusanywa na Imamu Muslim, maswahaba walimwendea Mtume wakamwambia wanakuta nafsini mwao mawazo mazito kiasi kwamba hawathubutu kuyatamka, naye akawaambia kuogopa huko ndiyo imani iliyo wazi. Hata neno lenyewe tumelichukua kwao. Sisi wa pwani tunasema "usiwe na wasiwasi" kwa mtu aliyekosa nauli, lakini kwenye sura ya mwisho ya Kurani wasiwasi ni mnong'ono, sauti inayonong'ona kifuani mwa mtu kisha inajificha. Yaani lugha yetu ilikuwa na jina la ugonjwa wangu muda wote, na kanisani hakuna aliyenitajia.

Naandika haya kwa sababu mwaka huu amekuja kwangu kijana wa kwaya, mimi sasa nikiwa katekista Masasi, na swali ni lile lile. Alikuwa shambani anapulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu, mashine mgongoni, kitambaa usoni, tusi likamjia kichwani. Tangu siku hiyo hali vizuri. "Shikamoo mwalimu. Mtu akitukana moyoni bila kutoa sauti, inahesabika?" Nikamtazama macho nikayajua, ni yangu ya kidato cha pili.

Basi nianze na Biblia, maana mtu wa namna hii huwezi kumpa pole bila kumpa andiko. Fungua Marko 3. Waandishi wameshuka kutoka Yerusalemu, ni wasomi, wametumwa au wamejituma. Mathayo 12 anasema kwamba muda mfupi kabla, mtu kipofu na bubu ameponywa, anasema na kuona, na umati umeanza kujiuliza kama huyu siye mwana wa Daudi. Wakubwa wale wameona. Hawabishi kwamba mtu amepona. Wanachosema ni kwamba aliyemponya ana Beelzebuli. Hapo ndipo Yesu anapotoa lile neno, kwamba anayemkufuru Roho Mtakatifu hasamehewi. Na Marko, kana kwamba alijua sisi tutakuja kulitumia vibaya, anaongeza mstari wa 30 unaoeleza limesemwa kwa nini: "kwa vile walivyosema, Ana pepo mchafu."

Nitajie pale mtu anayetetemeka. Hayupo. Hakuna aliyekosa usingizi, hakuna aliyehesabu mikorosho. Wapo watu wenye vyeo wanaotazama wema mtupu na kuuita ushetani kwa sababu unawaharibia nafasi yao. Wale hawakuwa na wasiwasi wowote.

Ndiyo maana Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alipolihubiri andiko hili alifikia kwamba kufuru hiyo ni moyo unaokataa kutubu mpaka pumzi ya mwisho, na Kanisa Katoliki linafundisha hivyo mpaka leo. Ni sawa na mgonjwa anayetupa dawa. Mtu anayelia kwamba hajasamehewa anafanya kinyume chake kabisa, anaitaka dawa hata baada ya kuinywa. Paulo mwenyewe anajiita mtukanaji katika 1 Timotheo 1:13, na anasema alipata rehema. Petro alikana kwa kulaani na kuapa, kwa sauti, mbele ya mashahidi, na aliishia kuchomewa samaki ufuoni.

Kijana wangu hakukubali upesi, wenye wasiwasi ni mawakili wazuri wa shetani. Akaniletea Waebrania 6, juu ya walioanguka wasioweza kufanywa upya wakatubu, akaniletea Esau aliyeuza urithi wake akatafuta nafasi ya kutubu kwa machozi katika Waebrania 12. Nikamwambia Esau ndiye aliyemtesa pia John Bunyan, fundi wa masufuria wa Bedford, Uingereza, miaka ya 1600. Huyo alikuwa anasikia kichwani "Muuze, muuze," yaani amuuze Kristo, mpaka siku moja akachoka akawaza, basi na aende akitaka. Akaamini ameshauza urithi kama Esau. Aliteseka muda mrefu, kisha akawa mhubiri aliyekaa jela miaka 12 kwa sababu hakukubali kunyamaza. Kijana akauliza, "Naye alikuwa anapulizia salfa?" Nikajua ucheshi haujafa wote.

Lakini maoni yangu hasa, na najua kuna watakaonuna, ni kuhusu sisi tunaosimama mbele. Andiko lililosemwa kuwakemea viongozi wa dini tumeligeuza fimbo ya viongozi wa dini. Huku kwetu mikutano ya injili inanoga malipo ya korosho yanapoingia baada ya minada. Machinga wanaijua kalenda hiyo, wauza vitenge wanaijua, na wahubiri wanaijua. Nimesimama kwa miguu yangu uwanjani nikasikia mhubiri akisema anayehoji huduma yake anajiweka hatarini kumkufuru Roho. Huduma! Mtu ameuliza sadaka ya jana imekwenda wapi. Kuomba hesabu kumekuwa dhambi isiyosameheka, na "msiwaguse masihi wangu" ya Zaburi 105 ikawa kofuli ya sanduku la fedha.

Na kinyume chake nimekisikia pia. Mama mmoja alipona katika hospitali ya misheni Ndanda, kwa Wabenediktini walioko pale tangu 1906. Mhubiri wa dhehebu jingine akamwambia uponyaji ule si wa Mungu kwa sababu wale wana sanamu. Hapo mimi nilitetemeka. Mtu mgonjwa amepona, umeona kwa macho, halafu unasema ni kazi ya shetani kwa sababu haikutoka kwenu. Simhukumu, simjui mwisho wake. Nasema tu kwamba kama kuna mtu alipaswa kukosa usingizi usiku ule, si yule kijana wa kwaya aliyepitiwa na tusi kichwani.

Mtu atasema nalegeza neno zito. Hapana, neno ni zito, na mimi linanitisha kila ninapotaka kusema ovyo juu ya kazi ya wengine. Ninachokataa ni kumbebesha aliyekwisha kuzidiwa.

Jambo la pili ni hospitali. Huku ukimwambia mtu akamwone daktari wa afya ya akili anakuuliza kama unataka apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mama wa kijana aliniuliza hivyo hivyo. Mimi enzi zangu nilipata bibi, si kila mtu ana bibi. Tulikwenda, na daktari akaeleza kwa lugha nyepesi kwamba uko ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila mtu kuyataka, yakifuatwa na vitendo vya kujituliza: kuosha, kuhesabu, kutubu tena na tena. Mawazo hushika kile ambacho mtu anakithamini zaidi. Mama anayempenda mtoto wake atawaza amemdhuru, na mcha Mungu atawaza amemtukana Mungu. Tiba yake ipo, ya mazungumzo na ya dawa.

Kisha akanigeukia mimi. Akaniuliza kijana huyu ananiuliza mara ngapi kwa siku kama amesamehewa. Nikasema tano, sita, na simu za usiku. Na wewe unamjibu? Namjibu, mimi ni katekista. Akasema, "Basi mwalimu, wewe ndiye unayemjazia ndoo." Sikuwa nimemsimulia habari ya bibi. Nilikaa kimya mpaka akadhani nimekasirika.

Akaeleza kwamba kila jibu linamtuliza dakika kumi na kumfundisha kuuliza tena. Kwamba anatakiwa ajifunze kukaa na shaka bila kuifuta, aende kazini nayo, aende kwaya nayo, na mawazo yapite kama lori la korosho linavyopita barabarani, lina kelele lakini halisimami kwako. Nilipinga kidogo, maana kumnyima mtu neno la faraja kunafanana na ukatili. Nilivyokuwa narudi kwenye bajaji nikakumbuka yule mzee alilia siku aliyofichiwa ndoo.

Tukapatana, mimi na kijana, mbele ya mama yake. Ataungama mara moja, kwa padri, kama tulivyofundishwa: "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki." Baada ya hapo haungami hilo tena, na mimi silijibu tena. Alikubali kichwa kimeinama. Nikamsimulia kopo.

Wiki ya kwanza alipiga simu kila usiku, na mimi nikawa mkali kwa sauti huku mkono unatetemeka. Juzi alipiga saa nne na nusu. Mbwa wa jirani wanabweka, mke wangu ananitazama kwa jicho la aliyechoka na wito wangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ni lile?"

Akanyamaza. "Ni lile."

"Kopo limekwisha."

Nikamsikia anavuta pumzi. Nikasubiri alie, au akate. Akakaa kwenye simu muda mrefu mpaka nikaangalia kama salio lake limeisha. Halafu akauliza, "Mazoezi ya Jumamosi ni saa ngapi?"

"Saa kumi. Na uje na daftari la nyimbo, lile uliloliazima tangu Pasaka."