Vihisi vya printa kuukuu: kabla hujang'oa

Ofisi nyingi za kuchapa na kutoa fotokopi hapa Lubumbashi zina printa kuukuu iliyosukumwa chini ya meza. Vijana wanaopenda elektroniki wanazitolea macho: wanataka mota na, zaidi ya hapo, vihisi vinavyopima kitu kimefika wapi. Mafundi wa printa wanalalamika kwamba vijana wanaharibu mashine ambazo bado zina uhai. Kila upande una haki yake, lakini ubishi wenyewe unaruka swali la kwanza: printa ile imekufa kweli?

Fungua printa ya wino utazame njia kinayopita kichwa cha kuchapia. Utaona utepe mwembamba wa plastiki uliokazwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa mbali ni wa kijivu. Ukiuinua kwenye mwanga unaona mistari myeusi iliyosongamana, mara nyingi 150 au 180 kwa inchi moja. Kihisi kimeubana utepe huo katikati, taa upande huu, vipokea mwanga upande ule, na kichwa kikitembea kinahesabu mistari. Kinatoa ishara mbili zilizopishana robo ya mzunguko, na ile inayotangulia ndiyo inayoonyesha kichwa kinakwenda kushoto au kulia. Kila mstari unabadilisha ishara hizo mara nne, kwa hiyo kwa mistari 150 unapata hesabu 600 kwa inchi, yaani hatua ya takriban milimita 0.04. Mwanafunzi anayepima kasi ya kigari kinachoteremka kwenye ubao wa mteremko hawezi kuukaribia usahihi huo kwa rula na saa ya mkononi. (Printa za zamani zaidi ziliendesha kichwa kwa mota za hatua, zinazosogea kwa hatua zilizopimwa, humo huenda usikute utepe wowote.)

Ndiyo maana nawaelewa vijana. Ukiagiza kifaa kidogo kama hicho kutoka nje, nauli na ushuru mpaka kivuke Kasumbalesa, mpakani na Zambia, vinaweza kuzidi bei yake, na wakati huo kifaa kingine cha aina hiyo kinalala na vumbi mtaa wa pili.

Lakini sikilizeni mafundi. Utepe ule ukirukiwa na wino au grisi, kihisi kinapoteza hesabu. Kichwa kinajigonga ukingoni au kinasimama katikati, taa ya hitilafu inawaka, na mwenye printa anaamini kuna kitu kimekwama au mashine imekwisha. Kumbe tiba ni kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, unapangusa polepole bila kuukunja utepe. Spiriti iacheni, maana kwenye baadhi ya tepe inaweza kufuta mistari yenyewe. Kijana akikimbilia bisibisi, huenda anaua printa iliyohitaji kupanguswa tu, katika mji ambao mwenye ofisi ndogo anajinyima ili anunue nyingine. Hoja hii kwangu ina uzito kuliko zote.

Kuna nyingine inayowahusu wavunaji wenyewe. Kihisi kilichong'olewa hakiji na maelezo. Kisichomolewe peke yake. Kiondoke na kibao chake kidogo cha saketi, ndipo ufuate njia za shaba ujue waya upi ni wa umeme, upi ni wa ardhi, na zipi ni ishara mbili. Anza na volti 3.3, maana si vyote vinavyostahimili 5. Taa yake mara nyingi ni ya infraredi, haionekani kwa macho, lakini kamera nyingi za simu, hasa ya mbele, zinaionyesha kama nukta ya zambarau. Zaidi ya yote, kihisi na utepe ni mtu na pacha wake: cha mistari 150 hakitasoma vizuri utepe wa mistari 180. Mwalimu anayetaka darasa zima liwe na vifaa vinavyolingana anunue vipya tu, printa za kuokoteza hazitampa.

Tena kihisi hiki kinajua umbali uliopitwa, hakijui mahali kilipo. Umeme ukikatika, na hapa unakatika, hesabu inafutika. Kwa hiyo vuna pia kile kihisi chenye umbo la U kinachotambua karatasi: kifunge mwanzo wa reli, mashine ikiwaka iende kwanza kukatiza mwanga wake ndipo ianze kuhesabu. Kwa volti 5, kizuizi cha umeme (rezista) cha omu 220 kwenye taa na cha kiloomu 10 kwenye kipokezi kwa kawaida vinatosha.

Kuhusu hatari nitasema moja: kapasita kubwa, kile kifaa kinachotunza chaji, ya upande wa umeme wa volti 220 inaweza kubaki na volti 300 hivi hata waya ukishachomolewa. Ipime kabla ya kuigusa.

Mimi nauunga mkono uvunaji, ila fundi aione printa kwanza. Akisema kichwa kimeziba kabisa au kibao kikuu kimeungua, basi hiyo ndiyo ya kuvunwa, kwa sababu utepe, kihisi, fimbo ya chuma, mkanda na mota kwa kawaida vimebaki vizima. Kijana achukue mhimili huo wote kwa pamoja badala ya kunyofoa kihisi peke yake, na fundi abaki na roli, gia na kibao cha umeme, ambavyo ndivyo wateja wake wanavyomfuatia.