Sauna za mashoga: tabia inaanza kwa fundi ujenzi

Huku kwetu mtu akisikia kwamba Ulaya na Marekani kuna sauna za mashoga, yani sehemu za mvuke ambako wanaume wanakutana kimapenzi, anachowaza ni vurugu tu, yani watu wamefunguliwa kama mbuzi kila mtu anafanya anavyotaka. Mi naona ni kinyume kabisa. Zile sehemu zina adabu kali kuliko baa nyingi za hapa Dodoma, na sehemu kubwa ya hiyo adabu inatokana na jengo.

Ukiingia unalipa, unapewa taulo na funguo ya loka, unaifunga mkononi, nguo na simu unaacha humo. Ndani kuna korido nyembamba, taa hafifu, vyumba vidogo vyenye milango. Kwenye korido maongezi hamna, ni macho tu, ukimtazama mtu akageuza uso ujue hapana, ukimgusa akautoa mkono wako ndo imeisha hiyo, kumng'ang'ania ni ushamba na unaweza kutolewa nje. Sasa watu hao hao wakifika kaunta ya vinywaji taa zinawaka, unakuta wanapiga stori za kodi ya nyumba na mpira kama wako kijiweni!

Continental Baths ya New York ilifunguliwa 1968 chini ya hoteli ya Ansonia, ikawa na bwawa, sehemu ya kucheza disko na jukwaa, Bette Midler akaimba pale huku Barry Manilow anapiga piano na wasikilizaji wamekaa na taulo zao. Baadae hadi wanaume na wake zao wakawa wanakuja kuangalia shoo. Ukiweka jukwaa, watu watakaa chini wapige makofi.

Na serikali nazo zinalijua hili. San Francisco mwaka 1984, UKIMWI unaua watu kweli kweli, mkuu wa afya wa jiji akaamuru sauna zifungwe, mwezi uliofuata jaji akaruhusu zifunguliwe ila kwa masharti, mojawapo vyumba vitolewe milango na wawepo watu wa kupita kukagua. Hofu yao naielewa, watu walikuwa wanazika marafiki. Ila pale pale kwenye sauna ndo ulikuwa unaweza kumpata mtu ukampa kondomu na elimu, ukimfukuza unampatia wapi? Hiyo kanuni ya milango jiji limekuja kuifuta 2020.

Halafu ukimya wa korido watu wanausema kama ni mapenzi ya kukosa maneno, mi naona hofu imechangia sana. Februari 1981 polisi wa Toronto walivamia sauna nne usiku mmoja, wakavunja milango kwa nyundo na mitaimbo, wakakamata watu karibu 300, kesho yake maelfu wakaandamana. Baada ya hapo nani atakutajia jina lake kirahisi?

Utamaduni nao unaingia na mtu mlangoni. Mjerumani amezoea sauna za kawaida wanaume kwa wanawake wote uchi, kwahiyo uchi kwake sio habari, Muingereza wa sauna ya gym anakaa na bukta yake.

Sisi hapa sheria iko wazi, kifungu cha 154 cha kanuni za adhabu ni kuanzia miaka 30 mpaka maisha, kwahiyo sauna kama hizo tusidanganyane. Ila ingia kwenye chumba cha mvuke cha gym yoyote hapa mjini uone, mtu amebaki na taulo tu lakini shikamoo inatolewa, mheshimiwa anapishwa benchi la juu, na maongezi ni uhamisho na posho. Eti watu wakivua nguo wanakuwa sawa, nani kasema?

Gym moja ninayoijua walitoa mlango wa mbao wakaweka wa kioo, nadhani ili mapokezi waone ndani. Stori zikafa. Wazee waliokuwa wanakaa humo wanabishana siasa mpaka jasho linawakauka, sasa hivi wanaingia chap wanatoka, wengine wamehamia kwingine, na mwenye gym analalamika mvuke haulipi. Nimemwambia apake rangi kile kioo, kasema mafundi wa Dodoma bei zao anazijua.