Mnara Unaogopwa, Jua Linaachwa

Kampuni ya simu ikitaka kusimika mnara mtaani, kikao cha wakazi hugeuka mahakama. Huyu atasema mionzi inaleta saratani, yule atataja mimba kuharibika, wa tatu atatoa simu mfukoni awaonyeshe wenzake video aliyotumiwa WhatsApp. Na mara nyingi kikao chenyewe kinafanyika uwanjani saa saba mchana, watoto wako juani vichwa wazi, na hilo halimsumbui mtu. Msimamo wangu ni kwamba hofu yetu tumeielekeza pasipo. Fizikia inayolionyesha hilo ina zaidi ya miaka mia moja, na ilianzia kwenye chumba kilekile yalikogunduliwa mawimbi ya redio.

Chumba hicho kilikuwa Karlsruhe, Ujerumani. Mwaka 1887 Heinrich Hertz alikuwa akiyasaka mawimbi ya sumakuumeme ambayo James Clerk Maxwell aliyatabiri kwa hesabu tupu katika miaka ya 1860. Hertz alirusha cheche kubwa upande mmoja, na upande wa pili, kwenye pete ya waya isiyounganishwa na kitu, kicheche kidogo kikaruka. Hayo ndiyo mawimbi ya redio, na yanayotoka mnarani leo ni ya ukoo huohuo. Lakini kuna jambo la pembeni lililomsumbua. Alipokikinga kile kicheche kisipigwe na mwanga wa cheche kubwa, kikafifia. Akaweka kioo cha kawaida katikati, bado kikafifia. Akaweka kwatzi, madini yanayopenyeza mwanga kama kioo, kikapata nguvu. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno (ultraviolet), na kwatzi huipitisha. Yaani mwanga tusiouona ulikuwa ukifanya kitu kwenye ile metali. Hertz aliandika alichokiona bila kujidai anakielewa, akafariki mwaka 1894 akiwa na miaka 36.

Kitu chenyewe kilikuwa kung'oa elektroni, zile chembe ndogo mno zilizomo ndani ya atomu. Mwaka 1902 Philipp Lenard alionyesha jambo ambalo kila mtu aliyewahi kuogopa mnara angepaswa kulisikia: ukiongeza ukali wa mwanga, elektroni zinazong'oka zinakuwa nyingi zaidi, lakini hakuna hata moja inayotoka na nguvu zaidi ya awali. Nguvu ya kila moja inategemea aina ya mwanga. Mwaka 1905 Albert Einstein akatoa maelezo. Mwanga huja kwa vifurushi, ambavyo leo tunaviita fotoni, na nishati ya kila kifurushi hutokana na masafa yake tu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde: masafa makubwa, kifurushi kizito. Mmarekani Robert Millikan hakulipenda wazo hilo hata kidogo. Alihangaika nalo miaka mingi akitaka kuliangusha, na vipimo alivyochapisha mwaka 1916 vikaishia kulithibitisha. (Nobeli ya Einstein ya mwaka 1921 ilitaja kazi hii, wala si ile ya uhusianifu (relativity) ambayo watu wengi hudhani ndiyo iliyompa.)

Ukisimama chini ya mwembe ukarusha punje za mchele kutwa nzima, embe halitadondoka. Jiwe moja linatosha. Elektroni iliyoshikwa ndani ya atomu iko hivyohivyo. Haijumlishi vifurushi vidogo vidogo mpaka ipate nguvu ya kutoka. Ama kifurushi kimoja kinatosha, ama hakitoshi.

Sasa tupime. Nishati hizi hupimwa kwa elektroni-volti. Kuing'oa elektroni ya atomu ya haidrojeni kunahitaji 13.6. Kuing'oa kwenye bamba la zinki kunahitaji takriban 4.3, ndiyo maana taa ya kawaida ya darasani haifanyi kitu kwenye zinki hata uiwashe wiki nzima, ila taa ya urujuanimno inafanya mara moja. Mwanga tunaouona una kati ya 1.8 na 3.1. Mawimbi ya redio ni ya ukoo mmoja na mwanga, nayo huja kwa vifurushi. Mnara wa simu wa megahezi 900 je? Takriban 0.0000037. Hata 5G ya gigahezi 3.5, ile iliyosababisha Waingereza wachome makumi ya minara mwaka 2020 kwa uvumi kwamba inaeneza korona, ni kama 0.000015. Kifurushi cha mnara ni chepesi kuliko cha mshumaa kwa zaidi ya mara laki moja.

Mkosoaji makini ataniambia kuna joto, na kweli lipo. Mawimbi haya yakiwa makali sana yanachemsha maji, na maikrowevu ya jikoni inafanya hivyo. Hii ndiyo sababu viwango vya usalama vipo, na kwa Tanzania ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo kazi zake ni pamoja na kupima. Ataniambia pia kwamba mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliyaweka mawimbi ya redio kwenye kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Ni kweli. Kundi hilohilo lina dondoo ya jani zima la mshubiri, na sijaona kikao cha mtaa kikiitishwa juu ya mshubiri. Mwanga wa jua, kwa upande wake, uko kundi la kwanza, la vitu ambavyo ushahidi wake umekamilika, na uko huko tangu 1992.

Halafu kuna hili linalonichekesha. Mnara ukiwa mbali, simu yako ndiyo inayolazimika kupaza sauti ili isikike, na simu hiyo iko sikioni, sentimita chache tu kutoka kwenye ubongo. Mnara ukiwa karibu, simu inapunguza nguvu yenyewe. Yeyote aliyekwenda kijijini kwenye mtandao wa kuotea juu ya kichuguu anajua betri inavyokwisha haraka. Anayeufukuza mnara kwa kuogopa mawimbi anajiongezea mawimbi kichwani.

Sisemi mkubali kila mnara. Jenereta linalonguruma usiku kucha karibu na dirisha la mtu ni kero ya kweli. Mkataba wa ardhi uliosainiwa bila majirani kuulizwa ni kero. Nguzo iliyosimikwa vibaya inaweza kuangukia nyumba. Pelekeni hoja hizo kikaoni, kampuni itahangaika kuzijibu. Mkipeleka saratani, mtaalamu wao atawajibu kwa dakika mbili na hoja zenu za maana zitafunikwa pamoja nayo.

Kwenye jua ndipo hesabu inapobadilika. Urujuanimno unaounguza ngozi, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 300, una fotoni za takriban elektroni-volti 4.1, zaidi ya mara milioni moja ya zile za mnara wa megahezi 900. Haihitaji hata kung'oa elektroni. Inatosha kuunganisha vibaya vipande vilivyo jirani vya DNA, ile molekuli inayobeba maelekezo ya seli, na seli ikikosea kurekebisha, saratani ya ngozi inaweza kuanzia hapo. Tuko karibu na ikweta, na kadiri unavyopanda mlima urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inatukinga wengi wetu kwenye ngozi, ila jichoni jua huchangia mtoto wa jicho kwa mweusi na mweupe.

Kwa watu wenye ualbino kinga hiyo haipo au ni hafifu mno. Wapo wanaofika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na vidonda vya saratani wakiwa bado vijana. Na dawa ya kuzuia tunaitengeneza wenyewe: Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna losheni ya Kilisun iliyobuniwa kwa ajili ya ngozi hizo. Kofia pana na mikono mirefu navyo havina gharama kubwa. Hata hivyo kuna shule ambako mwanafunzi mwenye ualbino husimama mstarini bila kofia kwa sababu kofia si sehemu ya sare. Kikao kijacho cha mnara kikiitishwa, mimi nitaomba ajenda ya pili: mwalimu mkuu atueleze kuhusu hiyo sare, na zahanati ituambie losheni inapatikana lini. Na kikao chenyewe kifanyike saa kumi na moja jioni.