Tumekuja Kuomba Jiko

Kosa la kwanza nililifanya kabla hatujatoka Tabata. Binti yangu aliponiambia, "Baba, wametuma lokesheni, nimpe dereva simu," nikamjibu mbele ya ukoo mzima kwamba mtu aliyepanda kumbakumba hahitaji kuelekezwa na simu.

Safari ilikuwa ya posa. Mtoto wa dada yangu kapata mchumba Sinza, na mimi ndiye mshenga. Kwenye Noah tulikuwa watano: mimi mbele, dada yangu na sinia lake lenye barua iliyofungwa kwa kitambaa, kaka yetu mkubwa ambaye husinzia gari likiwashwa, shemeji mmoja wa kujaza nafasi, na dereva, kijana wa miaka kama 25. Tulitakiwa kufika saa 8 mchana. Saa 7 na nusu ndiyo tunaingia barabara ya Mandela.

Maelekezo niliyopewa yalikuwa rahisi. Pinda kulia Ubungo Mataa, ingia Shekilango, hesabu mtaa wa nne mkono wa kushoto, nyumba ya tatu, geti jeusi. Mimi nikaongeza la kwangu. "Kwenye kona ya huo mtaa palikuwa na mwembe mkubwa sana. Ulikatwa mwaka 1991. Nilikuwepo."

Dereva akafanya heshima ya kuuliza kumbakumba ndiyo nini. Jamani, usimuulize mzee wa Dar swali hilo njiani. Nikamweleza mabasi ya UDA, yale Ikarus ya Hungaria, marefu, yaliyoungwa katikati kwa turubai kama kinanda, basi likikata kona waliokaa nyuma wanafika baadaye. Nikamweleza chai maharage, gari la mizigo lenye mabenchi ya mbao, mnakaa mkitazamana kama mmeletwa kusuluhishwa. Nikafika kwenye sarafu ya shilingi 5, tuliyoiita dala, ambayo ndiyo iliyozaa daladala. Nilikuwa nimeshaingia mwaka 1983, serikali inaruhusu mabasi ya watu binafsi, dada yangu aliponigusa bega.

"Hii si Mlimani City?"

Ilikuwa Mlimani City. Ubungo tulishaivuka. Nikamgeukia dereva: "Si nilikwambia pinda kwenye mataa?"

"Baba Mdogo, mataa yapi?"

Hapo alinishika. Pale Ubungo tangu mwaka 2021 barabara zimepandana ghorofa tatu, ila jina la Mataa halijahama. Mimi nilikuwa nasubiri taa nyekundu ya zamani inikumbushe kupinda.

Sikukubali kushindwa. Nikamwambia twende tu hadi Mwenge, tukamate barabara ya Bagamoyo, tuingie Shekilango kwa upande wa Bamaga, ni njia ileile. Na kweli ni njia ileile. Ila ukiingia kwa upande wa pili, kushoto kunakuwa kulia, na mtaa wa nne unakuwa mtaa wa Mungu anajua wa ngapi. Hilo nililigundua baadaye. Wakati ule nilihesabu kwa sauti, kwa kujiamini, mkono wa kushoto: moja, mbili, tatu, nne, hapo!

Nyumba ya tatu ilikuwa na geti jeusi. Kwenye kona hapakuwa na mwembe. "Mnaona?" nikasema. "Niliwaambia ulikatwa."

Getini alisimama mzee wa rika langu, kanzu safi, kofia ya kiua. Kabla sijafungua mlango akasema, "Nyinyi ndio wageni wa leo? Nimewasubiri tangu saa 8."

Mtu anakusubiri tangu saa 8, geti lake jeusi. Ungeuliza nini tena?

Tukakaribishwa sebuleni, soda zikaja. Ushenga una taratibu zake, huingii kwenye hoja kama mwenye njaa, kwa hiyo nikaanza na mazungumzo ya kawaida. Nikasema Sinza hii naijua ilipokuwa viwanja vitupu. Mzee akaweka soda chini taratibu, kama bondia anayevua joho.

"Ulifika mwaka gani?"

"1979," nikasema.

"Mimi hiki kiwanja nilikipata kwenye ule mradi wa Benki ya Dunia, miaka ya 70. Mmekuja mimi ninyi nawaona."

Nikajibu kwa kumbakumba. Akajibu kwa Drive-in ya Msasani. Anasema alikuwa akiangalia sinema akiwa juu ya mti, nje ya uzio, picha anaiona ila sauti hapati, kwa hiyo hadi leo kuna filamu anazijua mwanzo hadi mwisho na hajui zinahusu nini. "Leo pale ni ubalozi wa Marekani," akasema. "Nenda kapande mti uone." Tukacheka sana. Nilimpenda yule mzee, siwezi kuficha. Nikajisemea huyu ndiye mkwe.

Tukagombana mara moja tu. Nilisema mwembe wa kona ulikatwa 1991. Akasema 1994, kupisha nguzo ya umeme, na kwamba shoka alilolitumia fundi lilikuwa la kwake. Tukabishana hadi tukapeana namba za simu, kila mmoja akatafute shahidi. Dada yangu akanikanyaga mguu. Nikakohoa, nikasimama, nikashika mikono yangu kwa mbele.

"Mzee mwenzangu. Mgeni hafungi safari bila haja. Tuna kijana wetu, amekua, ana kazi yake, hana makuu. Amechoka kula kwa mama lishe. Tumesikia ndani ya nyumba hii kuna jiko. Tumekuja kuomba jiko."

Mzee akatabasamu. "Jiko lipo. Tena mmewahi. Jana kaja mtu kuliangalia, sura yake sikuipenda."

Dada yangu akapiga kigelegele.

Mzee alishtuka kidogo, akaendelea. "Kijana mwenyewe mbona hamkuja naye? Hataki kuliona kwanza?"

"Ameshaliona mara nyingi," nikasema, nikakonyeza.

"Kaliona lini? Mimi sijamfungulia mlango."

"Vijana wa siku hizi wana njia zao, mzee."

Akaangalia dirisha. Akaliangalia muda mrefu. Halafu akasema, "Sawa. Sasa niwe mkweli, sitaki lawama mbele ya safari. Jiko lenyewe si jipya. Aliyekuwa nalo kakaa miaka mitatu, katoka mwezi uliopita, kaniachia masizi matupu. Lakini nitalipiga rangi."

Sebule ikawa kimya. Nikamsikia shemeji akimeza soda.

"Na jambo la pili," mzee akasema, "ni la kuchangia. Kuna bwana wa chumba cha mbele na mwalimu wa chumba cha uani. Mwalimu analitumia asubuhi, bwana wa mbele jioni. Kijana wenu tutamtafutia zamu."

"Zamu?" dada yangu akasema. Sinia lilikuwa linatetemeka mapajani.

"Zamu, mama. Hapa tunaishi kwa kuelewana."

Ni hapo kaka mkubwa alipoamka. Yeye hakusikia kitu, alisikia kimya tu, na kwa uzoefu wake kimya kwenye posa ni wakati wa kutaja fedha. "Sasa mzee, kiasi gani?"

"Laki na nusu kwa mwezi. Miezi sita unatanguliza."

"Kwa mwezi?"

"Luku mnachanga. Akichelewesha, nalitoa kwa mwingine."

Kaka akafikiri. "Si mbaya," akasema, akafumba macho tena.

Sijui ningejibu nini, maana nilikuwa nimesimama mdomo wazi kama geti la shule. Simu ya dada ndiyo iliyoniokoa. Ilikuwa sauti ya mwanamke, na hakuwa na salamu. "Mko wapi nyie? Wazee wanataka kuondoka!"

"Tuko ndani hapa," dada akanong'ona, "tunakunywa soda."

"Ndani wapi? Mimi niko mlangoni tangu saa 8!"

Nikamtazama mzee. Mzee akanitazama. Nikamuuliza polepole, "Samahani, mzee wangu. Una binti?"

"Ninao wawili. Wote wameolewa, mmoja Tanga, mmoja Mwanza. Kwa nini?" Halafu akanyamaza, akaliona sinia, akakiona kitambaa, akaiona barua. Akakaa chini. "Kumbe wewe si dalali?"

"Mimi ni mshenga."

Akawaza kidogo. "Si kazi ileile?"

Alicheka hadi kofia ikaanguka. Alitusindikiza hadi kwenye gari na soda zetu tulizobakiza, akagonga dirisha langu: "1994!"

Safari hii dereva alichukua simu ya dada bila kuniuliza, akaiegemeza kwenye usukani. Yule mama wa ndani ya simu akatuongoza kwa adabu, hakunikumbusha kitu. Nikataka kumweleza dereva kwamba si kosa langu, mji umekua: mwaka 1988 Dar nzima tulihesabiwa milioni 1.4, sensa ya 2022 ikakuta milioni 5.4. Akaniuliza, "Kwa hiyo Baba Mdogo, hao milioni 4 ndio walikuhamishia kushoto?" Nikanyamaza.

Tukakata kona ya mwisho. Na pale kwenye kona, mnene, mweusi, matawi yamefika barabarani, bodaboda kama kumi zimeegeshwa chini yake, ulikuwepo mwembe. Una maembe. Dereva akaegesha kivulini, akazima gari, akashusha kioo, akavuta pumzi ndefu.

"Kivuli kizuri," akasema. "Kingekuwepo hata 1991."

Kwa wakwe tulifika saa 10 na nusu. Faini ya kuchelewa, 50,000, ililipwa kabla hatujakalishwa. Dada yangu akaniinamia sikioni: "Ukitamka neno jiko, natoka." Kwa hiyo niliposimama mbele ya wale wazee, na ua nikaliogopa, na kuku wa ukoo nikamwogopa, na kila fumbo nililolijua likanikimbia. Nikasema tu, "Tunamtaka binti yenu."

Wazee wakatazamana. Mmoja mwenye bakora akauliza huyu mshenga katolewa wapi, mbona hana lugha, anaomba mke kama anaomba chenji. Faini ya pili, 30,000, kwa kukosa adabu ya maneno.

Nilikuwa naihesabu simu ilipoita. Macho yangu si mazuri, nikabonyeza palipokuwa karibu, kumbe nimebonyeza spika. Sauti ya yule mzee wa kanzu ikajaa sebule nzima.

"Mshenga! Sema basi haraka, yule wa jana amerudi. Jiko analitaka hivyohivyo na masizi yake, na analipa ya mwaka mzima. Nimpe?"

Faini ya tatu alilipa dada yangu. Hadi leo hajaniambia ilikuwa shilingi ngapi.