Dakika za ziada zianzie darasani

Baraza la Mitihani lina utaratibu ambao wazazi wengi hapa Tanga hawaujui. Mtahiniwa asiyeona huandaliwa karatasi ya nukta nundu (maandishi ya kusomwa kwa vidole), mwenye uoni hafifu hupewa maandishi makubwa, na wote wawili huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Naupenda utaratibu huu. Unakiri kwamba kuwapa wote karatasi moja na muda mmoja si haki.

Kinachonikera ni kuwa ukarimu huo unamngoja mtoto kwenye chumba cha mtihani. Darasani, miaka yote, ananakili ubaoni kwa kasi ya wenzake, kwenye ubao uliopauka, na akifika katikati mwalimu ameshafuta. Ataazima daftari la jirani, kama jirani ana moyo. Akichoka kuazima, anaacha kuandika. Hapo majina yanaanza: mvivu, mzito, mtoro.

Nawasemea hasa wale ambao ulemavu wao hauonekani. Mwenye kiti cha magurudumu, angalau kila mtu anaona ngazi zinamshinda (ingawa kuona ni jambo moja, na kumjengea njia ni jingine). Mwenye uoni hafifu anacheza mpira, anatumwa dukani, basi nani atamwamini akisema haoni ubaoni? Anayesikia nusu nusu huitikia "ndiyo, mwalimu" kwa kila kitu. Na kwa kuwa shule ndiyo inayomtambulisha mtahiniwa wakati wa usajili, asiyetambuliwa darasani hata zile dakika hazipati.

Mzazi akiuliza, jibu liko tayari mdomoni: mpeleke Pongwe, mpeleke Irente kule Lushoto, kwenye shule zinazopokea watoto wasioona. Shule hizo zina heshima yake, na wapo watoto wanaozihitaji kweli. Lakini Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, isipokuwa anapohitaji mawasiliano maalumu. Mtoto wa Chumbageni, hapa hapa mjini Tanga, asiyeona vizuri mbali, kumpandisha Lushoto akalale bwenini ni kumwondolea mama yake kwa sababu ya kiti cha mbele.

Kiti chenyewe nacho kina maarifa yake. Mwenye ualbino akae mbele lakini ageuzwe mgongo kwa dirisha, maana jua letu la saa nne humtia kiwi, na miwani peke yake haimrudishii uoni kamili. Mwalimu asome kwa sauti kila anachoandika, na asiseme akiwa ameuangalia ubao, kwani wapo wanaomsoma midomo. Jaribio la mwezi likuzwe kwenye mashine ya kutolea kopi, kutoka A4 hadi A3.

Walimu watanijibu kuwa darasa limefurika, na ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa zana kama mashine za nukta nundu nawaunga mkono. Hapo serikali ndiyo ya kubanwa. Ila kupanga viti hakuhitaji fungu.

Wazazi wenzangu, kikao kijacho, kabla hatujaanza kubishania michango ya uji, tumuulize mwalimu mkuu: watoto wa darasa la kwanza wamepimwa macho na masikio? Majina ya waliobainika, mwalimu wao wa darasa anayo?